"Amekupiga?"

Mwanamke wa Dar es Salaam akipeleka shauri la mumewe kwa wazee, swali la kwanza ni hilo: amekupiga? Akijibu hapana, kikao kizima kinashusha pumzi. Mume hanywi, hachepuki, kodi analipa, ada za watoto analipa. Basi ni hasira tu, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu.

Shoga yangu wa Tabata ameshakalishwa vikao viwili vya namna hiyo, na wazee hawakumdanganya: mume anampenda. Mama yake shoga alipolazwa Muhimbili, huyo mkwe ndiye aliyekesha nje usiku tatu mfululizo akihangaikia dawa. Lakini mchuzi ukizidi chumvi, sahani inakwenda ukutani, na maneno yanayofuata hayaandikiki. Kesho yake anarudi na kitenge na kuku wa kuchoma, macho mekundu, anaomba radhi kwa dhati kabisa.

Wanaomshauri abaki wana hoja. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri, akagombania daladala, akarudi saa tatu usiku huku anayemdai anapiga simu, hawezi kuingia ndani anacheka kila siku. Na wapo waliobadilika, hasa waliokubali kukaa na shehe au mchungaji kwa miezi, si kwa siku moja ya machozi. Hayo nayakubali.

Ninachokataa ni hiyo "tu" ya "hasira tu". Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya walizotajiwa, kama kuunguza chakula au kubishana naye. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Takwimu hiyo hainitoki kichwani kila nikikumbuka vile vikao, maana waliokuwa wakali zaidi kwa shoga yangu walikuwa mashangazi. Kama zaidi ya nusu yetu tuliona hata kipigo kina sababu yake, sahani iliyopita karibu na sikio bila kumgusa mtu tutaipa uzito gani? Shangazi aliyesema "hicho mbona kidogo" alikuwa anapima kwa kipimo gani, na alikipata kwa nani?

Sheria haikuishia kwenye kipigo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Kifungu cha 107 kinakwenda mbali zaidi: ukatili, uwe wa mwili au wa akili, kwa mwenzi au kwa watoto, mahakama inaweza kuupokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Kwa watoto pia. Nilikuwa kwa shoga jioni moja bodaboda iliposimama nje. Yule wa miaka sita alipunguza sauti ya TV bila kuambiwa, akaokota viatu vya mdogo wake mlangoni, akakaa wima kwenye kochi. Alikuwa anasikiliza hatua za baba yake. Katika nyumba ile hajapigwa mtu.

Kwa hiyo shoga akiamua kuondoka, godoro nitambebea mimi, na atakayemwita mwanamke asiye na subira tutazungumza. Kazi yenyewe si nyepesi. Kabla ya kudai talaka mahakamani atapitia baraza la usuluhishi wa ndoa, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba na sebule alivyoviona Kinyerezi ni laki moja na nusu kwa mwezi, maana yake laki tisa.

Bado hajaamua. Mume ameahidi kwenda kwa mshauri, safari hii bila kusukumwa, naye anamwamini nusu. Kwenye kikoba ana laki sita, na Jumapili iliyopita aliongeza elfu hamsini.