Ukuta Wangu, Raha ya Jirani

Hapa Busia, upande wa Uganda, mtu hakosi mshauri wa ujenzi. Ukishusha gunia moja la simenti mlangoni, hata mwenye kukaanga chapati atakuwa na la kusema. Mimi nilitamka tu kwamba ninataka kuweka bodi za jipsamu kwenye ukuta ninaochangia na jirani, ili redio yake ibaki kwake, na kabla ya magharibi nilikuwa nimekwisha kushauriwa nibandike trei za mayai, nipigilie zulia kuukuu, na nijaze lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya.

Trei za mayai, jamani! Labda zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba chenyewe, lakini sauti ya jirani inazipita bila hata kubisha hodi, kwa kuwa kinachoizuia sauti isipenye ni uzito, na trei ya mayai ikishatolewa mayai yake haina uzito wa kumsumbua nzi. Povu nalo ni hayo hayo. Anayekuuzia kitu chepesi ili kizuie kelele amekuuzia hewa, tena kwa bei ya nyama.

Hata jipsamu yenyewe si muujiza. Bodi ya kawaida ya milimita 12.5 ina uzito wa kilo 8 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hesabu za wataalamu, ukiuongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata nafuu ya desibeli 6 hivi (desibeli ndicho kipimo cha ukali wa sauti), ilhali sikio linataka karibu desibeli 10 ndipo likiri kwamba kelele imepungua nusu. Sikio lina roho ngumu kuliko afisa wa forodha. Ndiyo maana hufanywa mambo kadhaa kwa pamoja: fremu isimame peke yake bila kuugusa ukuta wa zamani, nafasi iliyobaki nyuma yake ijazwe sufu ya mawe, yaani nyuzi kama pamba zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, bodi zipigwe tabaka mbili huku maungio ya tabaka la juu yakikwepa yale ya chini, na kingo zote zizibwe kwa silikoni inayobaki laini.

Hayo yote nilimweleza fundi, naye akaitikia "ndiyo, mzee" kwa heshima zote, kisha akafanya yake. Nilimkuta ameshika skrubu ndefu kama kidole cha kati, anaikaza kutoka kwenye fremu hadi ndani ya tofali la jirani. "Mzee, nataka ishike vizuri," akasema. Ilishika, hilo silikatai, na kila sehemu iliposhika, mtikisiko wa ukuta wa zamani ulipata njia ya kufika kwenye jipsamu yangu mpya. Alipoambiwa azing'oe alinitazama kwa huruma, nadhani kwa sababu alidhani malaria imenipanda kichwani. Chini ya bodi aliacha upenyo ambao kalamu ingepita. "Huo utafunikwa na ubao wa pembeni, mzee, hakuna atakayeuona." Kana kwamba redio ya jirani ina macho! Soketi nazo alizitobolea mahali pale pale zilipo za jirani, mgongo kwa mgongo, na kwenye tundu hilo taarifa ya habari ya saa mbili iliingia ikiwa imekamilika, pamoja na vifo.

Dari ndiyo iliyonimaliza. Nyumba zetu hizi za safu, ukuta wa kati huishia usawa wa dari, na juu yake ni uwazi mmoja chini ya mabati ya watu wote. Sauti inapanda kwa jirani, inatembea huko juu bila kuulizwa kitambulisho, inashuka kwangu. Kwa hiyo ama ukuta uendelezwe hadi ufike kwenye mabati, ama dari nayo ipewe bodi mbili na sufu. Niliuendeleza ukuta. Mvua ikinyesha juu ya mabati bado hatusikilizani ndani ya nyumba, lakini mvua angalau haina kipindi cha salamu.

Sheria ipo, nisiseme uongo. Kanuni za Uganda za kudhibiti kelele za mwaka 2003 zinataka maeneo ya makazi yasizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, ila madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka sidhani kama wamegawiwa nakala.

Basi kazi ikaisha, soketi zikahamishwa, nyufa zikazibwa, na kwa kweli redio ikawa mnong'ono. Nikatoka nje kupunga upepo, jirani akanijia mikono yote miwili mbele, anatabasamu. "Ndugu yangu, Mungu akubariki! Siku hizi watoto wako siwasikii kabisa. Na mimi sasa ninaweza kufungulia redio bila kuona haya, maana najua haikufikii." Ameiongeza, na akanunua spika ya besi, wakati sauti nzito ndiyo inayopenya ukuta kwa urahisi kuliko zote. Nilimdokezea habari ya kuchangia gharama. Akaniuliza kwa mshangao mkubwa kwani jipsamu iko upande wa nani.