Yeni 250,000 zilizomng'oa Seiji Maehara

Machi 6, 2011, Seiji Maehara alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje wa Japani, miezi sita tu baada ya kuupata. Siku mbili kabla, mbunge wa upinzani, Shoji Nishida, alikuwa amemuumbua bungeni: amechangiwa fedha za siasa na mama mmoja mwenye mgahawa wa nyama choma mjini Kyoto, raia wa Korea Kusini. Sheria inakataza mwanasiasa kupokea mchango wa raia wa kigeni.

Waliomtaka aondoke walikuwa na hoja. Waziri anayeisemea nchi mbele ya Seoul na Beijing hapaswi kuacha mwanya wa shaka. Tena mwaka 2006 alikwishaachia uongozi wa chama chake baada ya mbunge wao kuwatuhumu watawala kwa baruapepe ya kughushi. Kwa lile la 2006 alistahili kuondoka.

Hili la pili ni tofauti kabisa. Fedha zenyewe zilikuwa yeni 250,000, kama dola 3,000 za wakati ule, na hazikuja kwa mkupuo: ni yeni 50,000 kwa mwaka, kama dola 600. Nani atanunua msimamo wa Japani kwa dola 600 kwa mwaka? Mama huyo alimfahamu Maehara tangu akiwa mwanafunzi, kijana aliyefiwa na baba mapema. Mama huyo ni wa jamii ya Wakorea ambao wazee wao walifika Japani enzi Japani ilipoitawala Korea kikoloni, kati ya 1910 na 1945, wakihesabiwa raia wa Japani, kisha 1952 wakavuliwa uraia kwa pamoja. Wanalipa kodi, hawapigi kura. Sheria ya kuzuia mataifa ya nje yasinunue viongozi imemnasa jirani.

Na adhabu ya sheria hiyo ni kwa anayepokea akijua. Maehara alisema hakujua. Kilichomwondoa ni hesabu za siasa: upinzani ulikuwa na wingi katika baraza la juu, bajeti ilikuwa mezani, naye alitajwa kuwa mrithi wa Waziri Mkuu Naoto Kan. Machi 11 Kan mwenyewe alikuwa akihojiwa bungeni kwa tuhuma ileile, ya zaidi ya yeni milioni moja, tetemeko kubwa lilipopiga. Kan hakujiuzulu kwa hilo. Maehara naye angerudisha fedha, aombe radhi na kuendelea na kazi, na bunge lingewaondoa wakazi hawa wa kudumu kwenye katazo hilo.