Winchi mpya haijapimwa mpaka kusi iijaribu

Yoti za safari ndefu zikitia nanga hapa Lamu, kati ya Shela na Manda, mazungumzo ya sitahani hayakawii kufika kwenye vifaa vipya: winchi (mashine ya kuvutia kamba au mnyororo) ya nanga ya umeme, tanga la mbele la kujiviringa, kamba za Dyneema, nyuzi za plastiki imara, ambazo kwa uzito ule ule zinaushinda waya wa chuma. Mwenye chombo atakwambia vyote vimepimwa. Muulize wapi: ni gatini, au asubuhi moja ya upepo mwanana. Kwangu mimi hapo hakijapimwa kitu. Kimewashwa tu.

Lichukue hilo tanga la kujiviringa. Upepo ukiwa mdogo linajikunja kwa ulegevu, mizunguko kidogo na kazi imekwisha. Upepo ukikaza, kitambaa nacho kinajikaza, mviringo unakuwa mwembamba, na mizunguko inayohitajika inaongezeka. Sasa kama kamba iliyozungushwa kwenye ile ngoma ya chini ilikadiriwa siku ya shwari, itaisha huku pembe ya tanga bado iko nje inapigapiga. Fundi aliyelifunga simlaumu sana. Hakuwa na upepo wa kumwonyesha.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, tunayo hapa miezi mingi ya mwaka, tangu Aprili hadi Septemba hivi, na haitozi ada. Lakini wengi wanaitumia vibaya: wanakwenda nayo Kiwayu, kisiwa cha kaskazini, upepo uko nyuma, chombo kinateleza, wanarudi wakisifu vifaa. Kwenda si kipimo. Kipimo ni kurudi, unapopanda upepo ukiwa mbele yako, demani (kamba inayoongoza tanga) imekaza, unageuza chombo mara kwa mara na winchi inayoivuta haipumziki. Ukirejea, ifungue. Chumvi na mchanga utaviona mwenyewe, na pia utajua kama kuna aliyevipaka grisi nzito vile vimeno vinavyoizuia isirudi nyuma. Vimeno vinataka mafuta mepesi. Grisi ikivigandisha, mpini unaweza kurudi kwa kasi ukamvunja mtu mkono.

Kwa winchi ya nanga, subiri maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa sana. Mkondo unatoka, kusi inaingia, chombo hakijui kielekee wapi, na mnyororo unatoka kwa upande badala ya kunyooka mbele. Hapo ndipo utajua kama pingili zinakaa sawasawa kwenye meno ya winchi au zinaruka. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa zaidi ya kilo mbili kwa kila mita, na kwenye kina cha mita 10 mtu mwangalifu anaachia mita 50. Kuuinua mtupu penye maji ya kiunoni ni mchezo wa watoto. Halafu winchi haikuwekwa pale ivute yoti nzima. Injini isogeze chombo, winchi ikusanye mnyororo uliolegea. Na chombo kikishatulia, mzigo uhamishiwe kwenye kamba ya nailoni inayonyumbuka, si kuachwa juu ya winchi usiku kucha.

Hizo Dyneema nazipenda, nisionekane mzee wa kukataa kila kitu. Mabaharia wetu wenyewe waliiacha kamba ya usumba zamani na hakuna aliyelia. Ila Dyneema inateleza: fundo linaloshika vizuri kwenye nailoni, kwenye Dyneema linaweza kufunguka polepole bila wewe kujua. Miisho yake isukwe, isifungwe fundo. Na kwa kuwa haivutiki, usiifanye amari, kamba ya nanga.

Sifa za aliyepewa kifaa bure na mtengenezaji nazisoma, ila naruka mpaka pale anapoeleza kilikwama wapi. Asipoeleza, naacha.

Ninachotaka kuona kwenye chombo kinachojiandaa kwenda Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, ni jaribio moja ambalo karibu kila mtu analikwepa: zima umeme, ngoja giza, kisha mtu mmoja apandishe nanga kwa mkono na akunje tanga la mbele bila kusaidiwa. Na ule mpini wa winchi ukae omoni, mbele ya chombo, penye winchi yenyewe. Mara nyingi nimeukuta chini ya godoro.