Ufunguo wa Saba

Juzi saa mbili usiku nilisimama mbele ya mlango wa chumba changu, Tandika, mkono wa kushoto nimeshika samaki wawili wa kukaanga kwenye gazeti, wa kulia nimeutumbukiza mfukoni, nikaokota paja langu mwenyewe.

Paja, jamani. Si ufunguo, si sarafu. Vidole vilipita moja kwa moja mpaka vikagusa ngozi, na mimi nikashtuka kama nimeguswa na mtu mwingine.

Tundu lile nalijua tangu utoto wake. Lilianza la kupita njiti ya kiberiti, nikasema hili halina madhara. Likawa la kupita kalamu. Fundi cherehani wa pale kona akaniambia lete buku nikushonee, nikamjibu mwisho wa mwezi. Hakuniuliza mwisho wa mwezi gani, na mimi sikuona sababu ya kumchokoza.

Lakini msinilaumu mimi, laumuni mia moja. Zamani safari yangu ya Kariakoo hadi nyumbani ilikuwa 500, na kwa ile sarafu nzito ya 500 iliyotoka 2014 maisha yalikuwa mepesi: unapanda, unampa konda sarafu moja, mmemalizana, hakuna anayemkumbuka mwenzake. Desemba 2023 nauli ikawa 600. Watu wakasema ah, mia tu. Mia tu! Sasa lazima utembee na sarafu za kila umbo mfukoni, zinakwaruzana na funguo siku nzima, maana ukimpa konda noti ya elfu moja anakwambia "subiri chenji, anko," na wewe unasubiri, unashuka, unaoa, unazeeka. Wazee wanasema daladala zilipata jina kwa sababu nauli ilikuwa shilingi tano, dala moja. Sijawahi kusikia mtu aliyetobolewa mfuko na dala moja.

Basi nikainama pale mlangoni nikaanza kupapasa sakafuni gizani, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba vinane, choo kimoja na washauri ishirini na wawili.

"Kaka, umepoteza nini?"

"Funguo."

"Umeziweka wapi?"

Naomba nieleweke hapa. Huyo ni mtu mzima, ana watoto watatu, anapika chapati zinazosifiwa mtaa mzima, na ananiuliza nimeziweka wapi. Ningekuwa najua nilikoziweka ningekuwa nimepiga magoti mbele ya ndoo ya maji ya watu? Kabla sijajibu akatokea wa pili: "Hebu kumbuka, mara ya mwisho umezionea wapi?" Mara ya mwisho nimezionea mlangoni, asubuhi, nikifunga. Wa tatu akanishauri nigeuze mifuko nje. Nikaigeuza. Wote wakaliona tundu, na mazungumzo yakahama kwenye kwa nini sijaoa.

Babu wa chumba cha mbele akatoka na kanzu yake ya kulalia. Nikamwamkia, akaitikia, akaelezwa. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ile ya kuswalisha: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Si vibaya, Mwislamu hulisema kwa msiba wowote, hata wa kupotelewa na kitu. Tatizo ni sauti. Chumba cha sita wakatoka wamejitanda khanga.

"Nani huyo, babu?"

"Funguo."

"Funguo! Yule fundi bomba? Si nilimwona asubuhi?"

Mpaka tulipomfufua fundi bomba, ambaye kumbe kweli yupo na jina hilo kapewa na wenzake, samaki wangu walikuwa wameshapoa na paka wa nyumba alikuwa amekaa mkao wa kuhudhuria msiba.

Ndipo kijana wa chumba cha tano, anayeuza miwani ya jua barabarani, mpole, haongei sana, akasema: "Braza, jaribu wangu."

Nikacheka. Akauchomeka yeye. Klak.

Mlango haukusukumwa, haukubembelezwa. Ulifunguka kama unamjua.

Uani pakawa kimya, kila mtu anapiga hesabu yake. Mimi yangu ilikuwa ya sukari. Miaka minne najiuliza sukari inaishaje kwa mtu mmoja anayekunywa chai asubuhi tu, tena ya harakaharaka. Nikamtazama yule kijana. Akatazama juu, akaona nyota.

Mama wa chumba cha pili akauchomoa ule ufunguo bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda mlangoni kwake. Klak. Akaenda kwa babu. Klak. Akaenda chumba cha saba, ukagoma, na mwenye chumba akaanza kujisifu, tukamkumbusha kwamba mlango wake ulivunjika komeo tangu masika na anaubana na ndoo.

Kesho yake alfajiri nikampitia fundi wa vitasa, yule anayekaa chini ya mwavuli na tupa yake na bunda la funguo ghafi. Nikamweleza. Hata hakushangaa. Akanionyesha kitasa kilichopasuliwa, cha aina hiyohiyo yetu: ndani kuna vyuma viwili vyembamba, ufunguo unavinyanyua, ulimi unarudi, basi. Vyuma vikiwa vichache hivyo, namna za kuchonga ufunguo nazo ni chache, kiwanda kikizimaliza kinaanza tena upya. Mwenye nyumba wenu, akasema, alinunua boksi moja la bei ya chini akafunga milango yote. "Pale kinachowalinda ni aibu, mzee wangu. Kitasa ni pambo." Akanitajia bei ya kitasa cha maana chenye vyuma vitano ndani. Nikamwambia mwisho wa mwezi.

Sasa kuna mtu ataniuliza, kama chumba kinafunguliwa na ufunguo wa jirani, funguo zako unazitafutia nini? Huyo hajawahi kuishi nyumba ya choo kimoja. Choo chetu kiko karibu na njia, na wapita njia walikuwa wamekifanya cha taifa. Tukachanga elfu mbilimbili kila chumba, tukanunua kufuli la 16,000, zito, ukilidondosha mguuni unapelekwa hospitali, kila chumba kikapewa ufunguo wake. Yaani katika nyumba yetu nzima, penye televisheni, majiko ya gesi na simu za watu, pahali pekee penye ulinzi wa kweli ni chooni. Usiku ule saa tisa niligonga mlango wa mama wa chumba cha pili kuazima ufunguo. Mumewe ndiye aliyefungua. Nilimweleza nilichofuata, na nikamweleza mara ya pili, kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo nikaingia kazini Kariakoo, nikafungua duka la watu, nikamwomba mwenzangu anishikie kaunta, nikaenda kituoni.

"Anko, ulipanda gari gani?" konda akaniuliza.

"Ile yenye maandishi nyuma."

Akanionyesha magari yote yaliyopanga foleni. Yote yana maandishi nyuma. Lakini jamani, jioni pale mtu unaingilia dirishani, umetanguliza begi, mguu mmoja bado uko Kariakoo. Muda wa kusoma unautoa wapi?

"Vitu vinavyookotwa tunampelekea yule mama," akasema, akanyoosha kidole kwenye banda la mama ntilie upande wa pili. Nikalitambua. Nilikuwa nakula pale miaka ya nyuma, kisha nikahamia ng'ambo ya barabara. Sikumbuki kwa nini niliacha, maana maharage yake yalikuwa na nazi ya kutosha.

Ukutani kwake kuna ubao wenye misumari. Vimening'inia vitambulisho vitatu, kiatu kimoja cha mtoto, mwavuli, na mkongojo. Mkongojo! Nikasimama kidogo kuufikiria: huyu alishukaje? Na katikati, kwenye msumari wake, funguo zangu. Zangu kabisa. Nikanyoosha mkono.

"Wee! Shusha mkono."

"Shikamoo mama. Hizo zangu."

"Marahaba. Kila mtu zake. Ziko ngapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba sizijui. Nimezibeba kila siku, zimenitoboa nguo, na sijawahi kuzihesabu. Waliokuwa wanakula wakaacha kutafuna. Vijana wa bodaboda wakasogea. Mzee mmoja waliyekuwa wanamwita Mwenyekiti akavuta benchi, akakunja nne.

"Tano," nikasema.

Mama akazihesabu kwa kuzipitisha kidole, polepole. "Saba."

"Mwizi huyo," kijana mmoja wa boda akasema, bila chuki, kama anayesoma taarifa.

"Taja alama," akasema Mwenyekiti.

"Pete ina kibati cha kampeni za uchaguzi wa 2015. Kina picha ya mgombea."

Mama akakisogeza kwenye mwanga. "Mbona hakina sura?"

"Imefutika."

"Alishinda au alishindwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Alishinda."

"Ndiyo maana haonekani." Watu wakacheka, na nikahisi kesi imeanza kunielekea vizuri.

Wakanitaka nizitaje moja moja. Nikazitaja. Wa chumbani, ambao baada ya usiku wa jana naona ni wa wote. Wa geti. Wa choo, nikaeleza na bei ya kufuli, watu wakaguna kwa heshima. Wa droo ya kaunta dukani. Mpaka hapo nilikuwa naongea kama mtu mwenye mali. Wa tano nikauangalia kidogo: wa chumba cha Manzese.

"Kwa hiyo unakaa Tandika na Manzese?"

"Nilihama Manzese 2016."

"Na ufunguo?"

"Sikurudisha."

"Kwa nini?"

Nikatafuta sababu, sikuipata. Mwenye nyumba alinibana kwenye pesa ya maji, labda nilitaka kumkomoa. Wa sita ulikuwa wa kufuli la tranka langu la shule ya bweni. Tranka lenyewe lilipigwa na kutu, mama yangu kijijini akalikata, akaoteshea mchicha. Na bado natembea na ufunguo wake Kariakoo, mchicha usiibiwe.

"Wa saba?"

Wa saba ni kaufunguo kadogo ka shaba, kichwani kana wekundu wekundu nilioudhani ni kutu. Sikujua ni wa nini. Nilishawahi kutaka kuutupa, lakini ufunguo hautupwi hivihivi. Ukiuona tu unahisi kuna mlango mahali unakusubiri. Nikasema ukweli: "Huo sijui."

Mama ntilie alikuwa kimya tangu muda. Akafuta mikono kwenye aproni, akautenga ule mdogo na wenzake, akaukwangua kwa ukucha.

"Hii si kutu," akasema. "Hii rangi ya kucha. Nimeipaka mimi."

Hata kijana wa boda hakusema kitu.

"Nilipata msiba Mkuranga. Nilikuwa nafunga hapa mbio mbio, gari linaniita. Kuna mteja alikuwa anamalizia chai nje. Nikamwambia, mwanangu, nishikie huu ufunguo dakika tano, binti wa shemeji yangu anakuja kuuchukua. Niliporudi siku ya nne nimekuta banda limefungwa vilevile. Binti anasema hakupewa ufunguo na mtu. Nikamwambia mwongo. Nimelikata kufuli kwa msumeno, sufuria za maharage zimeoza humo ndani, harufu wiki nzima. Na shemeji hatusemeshani mpaka leo."

Nikaanza kukumbuka, na ningelipia chochote nisikumbuke. Chai ile. Kikombe cha bati. Simu yangu ililia, nikaondoka nikiongea. Na keshoyake mchana nilikuja kula, nikakuta limefungwa. Siku ya pili, kufuli. Siku ya tatu, kufuli. Nikasimama palepale, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, nikasema huyu mama biashara imemshinda, nikavuka barabara, nikahamia ng'ambo.

"Miaka mitatu," akasema mama, "nilikuwa najiuliza yule mteja wa maharage mawili chapati moja alipotelea wapi."

Mwenyekiti akakohoa, akatoa hukumu: funguo sita ni zangu, nichukue. Wa saba haujathibitishwa. Mama akautoa kwenye pete kwa meno, akanirushia zilizobaki, na ule mdogo akaufunga kwenye pindo la khanga.

Nikajitia ujasiri. "Lakini mama, si umesema kufuli ulishalikata? Huo ufunguo sasa wa nini?"

"Na wewe ulikuwa nao wa nini?"

Nikavuta benchi. Nikaagiza maharage mawili, chapati moja, nikalipa kabla sijala. Alinipa chenji ya sarafu, nyingi.