Riba Ikishuka, Akiba Iwekwe Wapi?

Riba zikishuka, wenye akiba hugawanyika. Wapo wanaosema pesa ikae palepale, mradi iko salama. Wapo wanaosema kuiacha hivyo ni kuila taratibu.

Hawa wa pili wana hesabu mkononi. Akaunti ikilipa asilimia 1 kwa mwaka na mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, aliyeweka 100,000 atakuta 101,000, ila zitanunua vitu vya 97,000 na ushee kwa bei za mwaka uliopita. Ongeza makato ya 100 kila mwezi: ni 1,200 kwa mwaka. Riba yote imekwenda, na akiba yenyewe imemegwa. Kwa hiyo riba zikiwa chini, mimi huuliza makato kwanza. Kuyakwepa kunaweza kuokoa zaidi ya kinachopatikana kwa kutafuta riba kubwa zaidi.

Lakini wale wa kwanza nao wana kumbukumbu nzito. Icesave, akaunti ya benki ya Landsbanki ya Iceland, iliwavuta Waingereza zaidi ya 300,000, na Waholanzi pia, kwa riba nono. Oktoba 2008 benki ikaanguka. Mfuko wa bima ya amana wa Iceland, yaani ule wa kuwarudishia wateja pesa benki ikianguka, haukuweza kubeba mzigo ule, na waliookoa jahazi ni serikali za Uingereza na Uholanzi. Celsius, kampuni ya sarafu za kidijitali iliyotangaza riba ya zaidi ya asilimia 15, ilizuia wateja kutoa pesa Juni 2022, na mwezi uliofuata ikaomba ulinzi wa kufilisika. Haikuwa benki, wala amana zake hazikuwa na bima.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: fuata riba kubwa, ila usitoke nje ya ua wa bima. Umoja wa Ulaya unakinga euro 100,000 kwa kila mteja katika kila benki. Marekani, dola 250,000. Kikomo hicho si maandishi ya kupamba. Cyprus mwaka 2013, waliokuwa chini yake walinusurika, na wa juu yake katika Bank of Cyprus wakaona asilimia 47.5 ya ziada yao ikigeuzwa hisa. Angalia leseni pia, kwa sababu majina mawili ya biashara yenye leseni moja huhesabiwa kuwa benki moja.

Suala la kufunga pesa kwa muda maalumu ni gumu zaidi. Riba zikiendelea kushuka, aliyefunga mapema anacheka. Zikipanda, anaumia: Marekani riba ya benki kuu ilikuwa karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022, na kufikia Mei 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Aliyefunga miaka 5 mwaka 2021 aliishia kutazama. Ndiyo maana pesa ya dharura ningeiacha kwenye akaunti ya kutoa wakati wowote, na ziada ningeigawa vipande vya miezi 6, 12 na 24, ili kila kinapoiva niamue upya kwa riba ya siku hiyo.