Barua ya kufukuza isiwe hatua ya kwanza
Kuna makala niliyoisoma inayosema mwajiri akichoka kumsubiri mfanyakazi aliye kwenye likizo ndefu ya ulemavu anaweza kumwandikia barua ya kumfukuza, yakaisha. Si rahisi hivyo. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ni kweli huo "muda" kila nchi inaupima kivyake, na hapo ndipo mawakili wanapopata ulaji.

Lakini kabla ya kufika huko, je, mwajiri ameomba ripoti mpya ya daktari? Amemuuliza mfanyakazi mwenyewe kama anaweza kurudi nusu siku, au kufanya kazi ya kukaa badala ya kubeba mizigo? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unataka marekebisho ya aina hiyo, mradi yasimwelemee mwajiri kupita kiasi. Biashara ya watu watatu inaumia kweli, sibishi. Ila kampuni kubwa ikidai haina namna, ituonyeshe kwa maandishi ilijaribu nini.