Pua iliyotengenezwa upya: sifa kwa Sushruta au kwa fundi wa Pune?
Kuna sentensi inayonakiliwa kila mahali: Sushruta, tabibu wa India ya kale, aliishi miaka 600 kabla ya Kristo, naye ndiye baba wa upasuaji. Wanaomtetea hawakosi hoja. Sushruta Samhita, kitabu cha tiba chenye jina lake, inataja vyombo 101 visivyo na makali na 20 vya kukatia. Inamtaka mwanafunzi ajizoeze kukata kwa maboga na matikiti kabla ya kumgusa mgonjwa. Maiti ya kusomea mwili inazungushiwa nyasi, inatiwa kwenye kizimba na kulazwa mtoni siku saba, kisha inakwanguliwa kwa brashi tabaka baada ya tabaka. Hayo hayaandikwi na mtu asiyewahi kunusa maiti.

Tarehe ndiyo isiyoshikika. Samhita maana yake ni mkusanyo, na huu una sura 186. 66 za mwisho, Uttaratantra, zimeongezwa juu ya 120 zilizokwisha kujitosheleza. Kathmandu kuna nakala ya mwaka 878, na ndani yake hayamo maneno "kama alivyosema Dhanvantari" (mungu wa tiba) yanayofungua sura katika matoleo ya kuchapwa, dalili kwamba yaliongezwa baadaye. Charaka Samhita, kitabu kingine cha kale cha tiba ya India, ni vivyo hivyo: Dridhabala, mhariri wake wa baadaye, anakiri mwenyewe kwamba alijazia sura 41 kati ya 120. Kitabu cha namna hii kina umri wa tabaka zake, si wa mtu mmoja.

Sasa pua. Samhita inaagiza hivi: chukua jani lenye ukubwa wa pua iliyokatika, kata nyama ya shavu kwa kipimo hicho, kwangua kigutu cha pua hadi kiwe kibichi, bandika upesi, ingiza vijirija viwili mgonjwa apate kupumua, nyunyiza unga wa dawa, funika kwa pamba nyeupe na uidondoshee mafuta ya ufuta mara kwa mara. Lakini kipande kisiposhikana na mwili damu haikifikii. Kinakuwa cheusi na kudondoka. Katika matini ya kuchapwa, jambo hilo la kufa na kupona linategemea neno moja tu, baddham, "kilichofungwa", na sababu haielezwi.

Linganisha na habari iliyochapwa London Oktoba 1794. Cowasjee, mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza, alikatwa pua na mkono akiwa mateka wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa India. Karibu na Pune, mji wa magharibi mwa India, alitengenezwa pua na mtu wa ukoo wa wafyatua matofali. Huyu alipima kwa nta, si jani. Ngozi aliikata kwenye paji la uso, si shavuni, akaacha ukanda katikati ya macho ili damu iendelee kupita. Daktari mpasuaji Mwingereza Joseph Carpue alipoifanya kazi hiyo London mwaka 1814, aliifuata njia ya paji.

Kwa hiyo kusema Ulaya ilijifunza kwa Sushruta ni kumnyang'anya fundi haki yake. Wanaodai kitabu kilikuwa maneno matupu nao wanapitiliza: kupima kwanza, kukwangua kigutu na kuzuia matundu yasizibe ni mambo yaliyomo kote kuwili. Ila kuhusu lini kipande kikatwe kutoka kilikotolewa, Samhita inasema tu kikishashika. Fundi alisubiri hadi kama siku ya 25.